Chemchemi Ambayo Sikuichora

Subilaga mwanangu,

Salamu za kwenye barua nitaziruka, maana tumeonana adhuhuri hii hii na ulikuwa mzima wa kutosha kunigombeza kwamba nimekufungia viazi vingi mno. Sasa umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na ninavyokujua hutarudi mpaka wakufukuze. Nimekaa jikoni juu ya ndoo niliyoigeuza, ubao wa kukatia mboga nimeuweka magotini, na ninaandika. Ukirudi kabla sijamaliza nitasema ninaandika vitu vya kununua sokoni. Hayo ndiyo mazoea yangu, kusema uongo mdogo mdogo, na barua hii inahusu mmoja niliousema siku nyingi.

Mambo ya blanketi, ya kumsaidia shangazi yako kazi huko Kihesa, ya kutokula ovyo njiani, nimekwisha kuyasema mpaka umeniomba ninyamaze. Iringa kuna baridi kama huku kwetu mlimani, hakuna kitu cha kukushangaza. Ninachotaka kusema ni kile nilichotakiwa kukisema jana nikashindwa.

Jana baada ya ibada, majirani walipojaa uani kukuaga, mwenyekiti wa kijiji alikuuliza kwa nini msichana aliyemaliza kidato cha nne anataka kazi ya kuzunguka vijijini na kamba, badala ya kukaa ofisini penye kiti. Ukasimama, ukauficha mkono wako wa kulia mgongoni kama unavyofanya ukiona watu wengi. Ukasema unakwenda Iringa kujifunza kuchora ramani za vijiji, kisha uzichore pamoja na kina mama wa bondeni Usangu, ili kisitokee kijiji kingine cha kupoteza maji yake kama chetu. Watu wakapiga makofi. Halafu ukaongeza, "Na mimi sitakuwa Mama Gwamaka, wa *huku juu hakuna kitu*!" Ukaiga sauti yake na kile kidole chake. Watu walicheka mpaka mzee mmoja akamwaga togwa. Na mimi nilicheka, Subi. Nilikuwa nimeshika birika, chai ikanimwagikia vidoleni, ukaniuliza nina nini, nikasema ni mvuke tu.

Mama Gwamaka alisema maneno yale kwa sababu mimi nilimfundisha ayaseme. Hakuna kubwa kuliko hilo katika barua hii. Yanayofuata ni maelezo, na ukitaka kuacha hapa unaweza, ila nakuomba usiache.

Ulikuwa darasa la sita wakati ule wa operesheni ya vijiji. Baba yako alikuwa kwenye ujenzi wa reli, anakuja mara moja moja, ananuka grisi. Tuliambiwa nyumba zote zisogezwe zikae kwa mistari, na kabla ya kusogea kijiji kichorwe. Akaletwa kijana mmoja wa upimaji, mwembamba, suruali pana chini, hatoki bila kamba yake begani. Watoto mkamwita Bwana Kamba, na sisi wakubwa tukalifuata jina hilo hilo.

Mwanzoni ramani ilikuwa ya wanaume. Lakini tulikuwa tumesikia habari za kijiji cha ng'ambo ya korongo, ambako wanaume walijifungia na karatasi yao wakachora ofisi ya chama, duka la ushirika, shule, na uwanja wa mpira wenye magoli yote mawili. Maji hayakuwamo. Wake zao walihamishiwa mahali ambapo ukitaka kupika chakula cha jioni lazima uanze kutembea asubuhi. Basi kwenye mkutano wetu, wakati wanaume wanabishana uwanja wa mpira ukae wapi, Sekela akasimama. Sekela ndiye Mama Gwamaka, unamkumbuka kwa jina la mama tu. Alikuwa amembeba Gwamaka mgongoni, akasema, "Samahani wazee. Hao wachezaji wakimaliza kucheza, watakunywa nini?"

Wanaume walimzomea. Bwana Kamba ndiye aliyecheka kwa furaha, akasema basi na kina mama wapite, wachore vyao, naye atatufundisha. Ndivyo ilivyoanza. Watu wanasema kazi ile ilikuwa yangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa kisomo, nina mwandiko mzuri, najua kushika rula. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya Sekela, mwanamke asiyejua kuandika hata jina la mtoto wake.

Unaijua vizuri kazi yenyewe kwa vitabu, sasa utaijua kwa miguu. Sisi tulipima kwa kamba ya mkonge yenye mafundo, mmoja huku, mwenzake kule. Waume wakalalamika uji umechelewa. Mmoja aliichukua kamba yetu akaenda kumfungia ng'ombe, na siku nzima tulipima kwa kanga zilizounganishwa. Bibi mmoja alidhani tunahesabu mifugo ili alipishwe kodi, akawafungia mbuzi wake ndani, akatupokea mlangoni akiapa hana hata mmoja. Mbuzi wakamjibu kutoka ndani. Sekela akamwambia, "Shikamoo bibi, hao wanaolia ni wajukuu?" Tulicheka hadi tukakaa chini.

Kijiji tulikichora kwanza ardhini, uani kwa Sekela. Majivu yakawa barabara, magunzi nyumba, punje za mahindi visima na vijito. Tukaingia ndani kunywa chai, tukatoka tukakuta kuku wamekula maji yote ya kitongoji cha chini. Tukaanza upya. Sijawahi kufurahi kama siku zile, Subi. Nilikuwa na mtoto, mume wa mbali, shamba la pareto linalonidai mgongo, halafu ghafla ninasimama mahali ninapoona kijiji chote, najua nani anateka wapi, nani anapita wapi na kuni, wapi mwanamke mwenye uchungu anaweza kubebwa bila kuanguka. Nilijiona mtu. Kumbuka hilo, maana kazi hiyo itakupa raha hiyo hiyo, na raha hiyo ndiyo iliyonifanya nijivune.

Sasa nisikilize habari ya mkwe.

Wewe umekua shuleni na kanisani, mambo haya unayachukulia kama hadithi. Kwetu Wanyakyusa, mwanamke akiolewa, baba wa mume ni wa kuogopwa. Hutaji jina lake. Humwangalii usoni. Mkikutana njiani unaingia kwenye majani mpaka apite. Baba wa baba yako, babu yako, ndiye aliyekuwa na uwanja ule wa juu wenye mianzi, na njia ya kwenda chemchemi ilipita katikati ya uwanja wake, mbele ya kiti chake kabisa. Wanawake wengine wa kitongoji cha juu walipita tu, hakuwa mkwe wao. Mimi sikuwahi. Tangu niolewe mpaka leo hii, chemchemi ile ambayo nilipikia maji yake, nikakuogeshea maji yake, sijawahi kuiona kwa macho. Kwanza nilimtuma mdogo wa baba yako, baadaye nikakutuma wewe.

Lakini mkwe anayo njia yake ya kupita akibanwa na shida. Anasimama mbali, anakohoa. Mzee akisikia kikohozi anainuka bila kugeuka, anaingia ndani au anakwenda nyuma ya nyumba, na mkwe anapita kichwa chini. Hakuna anayevunjiwa heshima. Kila mwanamke wa hapa anajua kukohoa.

Siku tuliyopima kitongoji cha chini tulifika nyumbani kwa mkwe wake Sekela. Sekela akasimama kwenye ua, akakohoa. Mzee yule hakusikia vizuri, kwa hiyo akakohoa tena, na tena, mpaka Gwamaka akaamka mgongoni akaanza kulia. Mimi nikiwa na penseli yangu sikioni nikasema mbele ya wote, "We Mama Gwamaka, hicho ni kikohozi au kifua kikuu? Kwenye ramani hakuna wakwe!" Wanawake wakacheka. Sekela naye alicheka, akasema, "Ngoja zamu yako, mwalimu, tutakusikia." Alisema kwa utani, bila kisasi. Lakini neno lile likanikaa.

Zamu yangu ikafika. Sehemu iliyobaki ilikuwa ile ya juu, ya babu yako, na Bwana Kamba alikuwa anakuja kuchukua karatasi kwa ajili ya mkutano. Alikuwa ametukataza kabisa kuchora kwa kukisia: usichokipima kwa miguu yako usikichore. Nikamwambia Sekela aende akapime daraja la chini, hii ya juu nitaimaliza mwenyewe. Nilitaka nikawe peke yangu, nikohoe bila mtu wa kunisikia.

Wewe ulinifuata mpaka kwenye kona ya shamba la viazi. Ulikuwa umebeba ndoo. Ukasema, "Mama, nikupeleke? Mimi napajua." Nikakuambia nenda kaoshe vyombo. Ulikuwa unalijua kila jiwe, ungeweza kunihesabia hatua na kuniletea, na mimi nikakufukuza, kwa sababu mwalimu wa kisomo hawezi kupelekwa na mtoto.

Nikasimama nyuma ya mianzi. Babu yako alikuwa kwenye kiti chake, anasuka kikapu, mgongo ameuelekeza kwangu. Nikafungua mdomo nikohoe. Nikaona bibi yako anapita kwenda jikoni, nikawaza: huyu atasikia, kesho atasema shambani kwamba mkwe wake msomi alikuja kukohoa, Sekela atasikia, nitachekwa kama nilivyocheka. Nikafunga mdomo. Nikangoja mzee ainuke mwenyewe. Hakuinuka. Jua likapanda, ukungu ukaisha, ukarudi, yeye anasuka tu. Mwisho mvua ikaanza, nikaondoka kama mwizi.

Nikajiambia nitarudi kesho. Unajua wewe mwenyewe kesho yangu ilivyo.

Jioni Sekela akaniuliza, "Juu umemaliza?" Nikasema nimemaliza. "Na maji umeyaweka?" Nikasema, "Nimeyaweka." Akaitazama karatasi, hiyo sehemu nyeupe ikiwa mbele ya macho yake, naye hajui kuisoma, akaniamini. Nikamwekea kidole pale peupe, nikamwambia hapo ni juu zaidi ya chemchemi, wakimuuliza aseme hakuna kitu, ni magugu tu, ili Bwana Kamba asiulize kwa nini hakuna vipimo. Nilipanga kuongeza baadaye, kimya kimya, kabla wino haujapigwa.

Kwa nini yeye ndiye asimame kusema na siyo mimi? Kwa sababu ile ile. Mkutanoni babu yako angeweza kuwepo, na mkwe hasimami kuhutubia mbele ya baba mkwe. Nikakaa nyuma na kina mama, nimejifunika kanga hadi puani. Babu yako wala hakuja, alikuwa na hasira zake na operesheni. Karatasi ikatundikwa ukutani. Sekela akaeleza daraja, akaeleza kijito, akaeleza njia ya zahanati, anaeleza vizuri mpaka wale waliomzomea wakatulia. Bwana mkubwa aliyetoka wilayani akaweka fimbo pale peupe, akauliza, "Na hapa?" Sekela akanyoosha kidole. "Huku juu hakuna kitu, ni magugu."

Watu wote waliokuwepo waliijua chemchemi. Lakini nani angejua kwamba "huku" ya kwenye karatasi ndiyo kule kwenye mianzi? Waliona mistari tu, wakapiga makofi. Mimi peke yangu nilijua. Ningeinua mkono. Niliuacha kwenye paja.

Pale peupe wakaweka josho la ng'ombe. Saruji ilipoanza kushushwa na wanawake wa juu wakapiga kelele, bwana mkubwa akafungua karatasi akawaambia, ramani ni yenu wenyewe, na mwenzenu alisema mbele yenu hapana kitu. Mengine unayajua. Ng'ombe wa vijiji vyote wakawa wanapita pale, wakapakanyaga, na maji ya josho yakawa yanateremkia kwenye chemchemi. Mpaka leo maji yanatoka, na mpaka leo yananuka dawa ya kupe.

Ndipo mkaanza kwenda mtoni, kule chini. Ndipo ukaanza kuchelewa shule na kuchapwa. Ndipo ukaanguka na ndoo kichwani kwenye ule mteremko wa tope, mfupa wa mkono ukaunga vibaya. Nikikuona umeshika penseli kama mtu aliyeshika mwiko wa ugali, na mistari yako inatoka imenyooka kuliko ya wavulana wote, ninatoka nje. Hujui kwa nini huwa ninatoka nje. Unadhani ninakwenda kutazama kuku.

Haikupita siku nyingi, tukiwa mtoni, wanawake wa juu wakamzunguka Sekela. Mmoja akamwambia, "Wewe wa chini mto unao mlangoni. Ya nini ujali chemchemi yetu? Umetuuza." Sekela alinigeukia mimi. Alikuwa na maji mpaka magotini, ameshika nguo ya Gwamaka inachuruzika.

"Mama Subi," akasema taratibu, "si uliniambia umeyaweka?"

Wote wakanitazama. Nikamwambia, "Mimi sikumbuki neno hilo, mama."

Akaniangalia. Nilidhani atapiga kelele, atanishika nguo. Akakamua ile nguo, akaikunjua, akaianika kwenye jiwe. Akasema, "Haya, ndaga." Yaani asante. Mpaka leo sijui alinishukuru nini. Hakulisema tena jambo hilo kwa mtu yeyote, maana angelisema, ningelisikia.

Baada ya hapo maneno yakazidi. Mumewe akasema hawezi kukaa na mwanamke anayetajwa kila kilabu cha pombe. Sekela akachukua watoto wake akaenda kwa kaka yake Chimala. Nasikia anapika wali na maharage pale mabasi yanaposimama. Siyo nasikia, nimemwona. Mwaka ule niliokwenda Iringa kumwuguza shangazi yako, basi lilisimama pale, akaja mpaka dirishani na sinia kichwani, anaita watu. Amekonda, lakini sauti ni ile ile. Nikaegemeza kichwa kwenye kiti cha mbele nikajifanya nimelala. Abiria wa karibu nami alinunua wali wake, na harufu yake nilikwenda nayo njia nzima.

Na babu yako? Utakumbuka alipolala ule ugonjwa wa mwisho, ulikuwa unampelekea uji. Siku moja ulirudi ukasema, "Mama, babu anaweweseka. Ameniambia, mwambie mama yako angekohoa tu." Ukacheka, ukasema homa imempanda kichwani. Hakuwa anaweweseka. Lazima aliiona kanga yangu nikiingia nyuma ya mianzi siku ile, labda akadhani nimekuja kutafuta fito, akangoja nikohoe ili anipishe. Alingoja na mimi nikangoja. Baadaye akaunganisha mambo mwenyewe. Alijua miaka yote, na kwa kuwa mkwe hasemeshwi, hakunisemesha. Nilikwenda mazishini nikalia kuliko binti zake, watu wakasema huyu mkwe alimpenda sana mzee.

Nimekaa muda mrefu nikiisingizia mila. Nilikuwa nikijiambia, ningekuwa Mzungu nisingekuwa na mkwe wa kuogopa, ningepita. Siyo kweli. Mila ilikuwa na mlango wake na Sekela aliutumia mbele za watu bila haya. Aliyeshindwa ni mimi niliyejiona nimevuka mambo hayo.

Sitaki kukuhubiria, na wewe huwa unapiga miayo nikianza. Lakini huko Usangu utakutana na kina mama Wasangu wa zamani, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao kutoka kaskazini, na wote hao kila mmoja ana mahali asipopita. Mwingine ni mkwe, mwingine ni kaburi la mtoto, mwingine ni nyumba ya mwanamume aliyemtenda vibaya. Hawatakuambia. Watakuambia hakuna kitu, ni magugu. Usiwe na haraka ya kuandika. Ukiona peupe kwenye karatasi uliza nani alitakiwa kufika pale, ukakae naye mchambue mboga. Waulize watoto, wao hupita popote. Na ukimwona mwanamke mwenye elimu kuliko wenzake anasema sehemu yake ataimaliza peke yake, huyo ndiye wa kumfuata. Ukikuta anayekohoa, Subi, tafadhali, usimcheke.

Sikuandikii ili unihurumie. Mkono ni wako, una haki ya kunikasirikia kwa huo. Na kile kichekesho cha jana usikirudie, si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya Sekela.

Sasa nikuambie jambo la mwisho. Kwenye mizigo yako kuna kifurushi usichokijua, nimekificha chini ya viazi vile ulivyonigombeza. Ni maharage ya huku na kitenge kipya. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kukuomba hivi: basi likisimama Chimala, ushuke, umtafute Mama Gwamaka, umpe, umwambie mama yangu anasema. Nikafika hapo kalamu ikakwama. Mama yangu anasema nini? Nimekaa nikatazama moto, nikaona kwamba ninafanya yale yale. Sekela alisimama akanisemea mbele ya mkutano, na leo ninataka wewe usimame unisemee mbele ya Sekela. Na mimi niko nyuma, nimejifunika kanga.

Basi kesho tunapanda wote. Usishtuke, sikufuati Iringa kukuaibisha mbele ya wenzako. Kifurushi nitakishika mwenyewe. Barua hii nitakupa tukishapita Igurusi, ili ukimaliza kuisoma tuwe tumefika Chimala na usipate nafasi ya kunizuia. Mimi nitashuka, wewe utaendelea. Kama hutataka kunitazama dirishani nitaelewa, kwenye kiti changu utapanga mizigo.

Sijui atanipokea vipi. Labda atanimwagia maji ya kuoshea sahani mbele ya abiria, na hayo nayo nitayapokea. Kisha nitarudi huku, na siku ya mkutano wa kijiji nitasimama na kusema yaliyo kwenye barua hii, mwenyekiti apende asipende. Lakini kwanza yeye. Sitatanguliza kitenge. Nitasimama mbali kidogo na moto wake, mahali anapoweza kunisikia, watu wote wakiwepo, nami nitakohoa.

Mama yako,
Atuganile